Kwa Baba, Fundi Ambaye Tivi Yake Haikuwa na Sauti

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Jumanne ulipoomba chai ya rangi, ukanywa nusu kikombe, ukasema majani yamezidi, ukalala. Hukuamka. Mama alikiosha kile kikombe akakirudisha kabatini, na hadi leo hakuna aliyekinywea.

Mimi ni Rita, kitindamimba wako. Kalamu nimepewa mimi kwa sababu Tom alisema hawezi, na Daisy kila akiandika "Mpendwa Baba" karatasi inalowa. Mama akakata shauri: "Andika wewe. Wewe ndiye uliyerithi mdomo wake."

Kwa wasiokujua, wajue kwamba wewe ni Donald Mwakisha, fundi wa redio na tivi, uliyekaa katika kibanda kimoja karibu na soko la Voi miaka thelathini na minne. Mtu akikuletea redio iliyonyamaza, uliigonga mgongoni kwa kidole, ukatega sikio, kisha ukasema, "Hii haijafa. Imenuna tu." Mzee Obadiah, mwenyekiti wa jumuiya yetu, husimulia kwamba redio yake uliitengeneza mara tisa, na mara saba kati ya hizo shida ilikuwa betri.

Ulisali rozari huku ukifungua skrubu. Shati lako la Jumapili lilinukia lehemu hata baada ya kufuliwa mara mbili. Hukumpiga mtoto, hukupaza sauti, na hukuwahi kufika kanisani baada ya kengele ya kwanza. Tulizoea kukaa kwenye benchi la pili kanisa likiwa tupu, tukihesabu popo darini.

Na ulipenda sinema. Jumapili tukitoka Misa, tukila wali na kuku, Nyanya Mkamburi, mama yako, akiletewa kiti chake chenye mto, wewe ulitoa kanda kwenye gazeti ulilolifungia, ukaipuliza vumbi, ukaisukuma ndani ya deki. Sisi wengine tulikaa mkekani: Mama, Tom, Daisy na mimi.

Tatizo ni kwamba tivi yetu, ile kubwa yenye kisogo kirefu, haikuwa na sauti. Fundi wa Voi nzima, na tivi ya nyumbani kwake bubu. Watu walikutania kwamba mganga hajigangi, nawe ukacheka nao. "Spika ya aina hii haipatikani," ulisema. "Kiwanda chenyewe kilifungwa." Sisi tuliamini. Mpira tuliutazama kwenye tivi na kuusikiliza kwenye redio, na redio ilifunga bao mapema kidogo kuliko tivi.

Sinema ndiyo haikuwa na redio ya kuisaidia. Basi ulichomeka kisikizi sikioni, ukakaa kwenye kigoda karibu na kioo, ukatutafsiria kila neno. Ulianza kwa Kidawida, lugha ya kwenu, kwa ajili ya Nyanya, ukarudia kwa Kiswahili kwa ajili ya Mama, mtoto wa Kikamba ambaye Kidawida chake kiliishia kwenye salamu. Kisikizi hicho hakuna aliyekigusa. Tuliambiwa kina umeme.

Ulikuwa mtafsiri wa ajabu. Jambazi akipigwa risasi, kabla ya kukata roho aliomba padre. Askari wakivuka mto walikuwa wakisali Salamu Maria. Mimi hadi darasa la sita nilijua kwamba majeshi yote ya dunia ni ya Kikatoliki. Na mwanamume na mwanamke wakisogeleana midomo, ulikumbuka ghafla kwamba antena imepinda, ukasimama mbele ya kioo kuinyoosha hadi mambo yatulie.

Kwaresima sinema zilikoma. Kanisani waliposhusha vitambaa vya zambarau juu ya sanamu, nawe ulitafuta kanga ya Mama ya zambarau ukaifunika tivi. "Hii nayo ni sanamu yetu," ulisema, "isijidai." Pasaka mchana ulimwita mtoto mdogo kuliko wote aifunue. Kwa miaka mingi mtoto huyo alikuwa mimi, na niliringa.

Lakini tangazo hili la kumbukumbu yako ni la sinema moja. Jina lake la Kizungu hatukulijua, tuliiita Sinema ya Lango. Mzee mmoja ana ranchi, ana mwana mmoja. Mwana anauza farasi wa baba yake bila ruhusa. Mzee anamfikisha langoni, anamwambia neno, mwana anaondoka na njia yenye vumbi. Mwishoni nywele za mzee zimekuwa nyeupe, amesimama langoni peke yake, na maandishi yanaanza kupanda.

Wewe ulitutafsiria neno lile la langoni hivi: "Mwanangu, lango hili halina kufuli. Ukichoka, rudi."

Nyanya alikuwa na swali lile lile kila mwaka. "Donald, mbona mzee huyu anasema maneno mazuri na uso ameukunja hivyo?"

"Ni vumbi, Mama. Kwao kuna vumbi kama la Kishushe."

"Na mtoto alirudi?"

"Atafika. Sinema imeisha tu kabla hajafika."

Nyanya alitikisa kichwa, akaridhika, akaomba maji. Aliiona sinema hiyo labda mara kumi na mbili, na akafa akijua kwamba mtoto yuko njiani.

Ulipostaafu ulitupandisha kijijini kwenu Chawia, tivi ikaja juu ya gari imefungwa blanketi mbili. Na ni Chawia ambako mambo yaliharibika.

Tom alikuwa seminari. Wewe hukuwa mtu wa majivuno, lakini kwa hili ulijivuna, na sote tuliona. Akina mama wa jumuiya walikuwa wameshachagua kitenge cha siku ya upadrisho. Mwaka wa nne Tom akaja nyumbani na begi moja, akakaa hapo kwenye kiti cha Nyanya, akakwambia ameacha, kwamba ameomba miaka miwili na jibu analopata ni hilo.

Ulisimama. Hata siku hiyo hukupaza sauti. Ulisema, "Mimi nilimpa Mungu mtoto, wewe umemrudisha. Toka. Usinikanyagie hapa tena."

Tom aliokota begi lake. Akasema, "Leo umetafsiri sawasawa, Baba." Akateremka na njia.

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni na sikuelewa. Nilielewa miezi miwili baadaye, nilipompigia simu nikamuuliza. Kumbe kule seminari waliwahi kuwaonyesha Sinema ya Lango, na spika mbili kubwa, kila neno likisikika. Yule mzee hasemi habari ya kufuli. Anasema, "Kuanzia leo sina mwana. Usirudi kwenye lango hili."

Baba, nilikasirika nawe. Wacha niseme, kwa sababu ulitufundisha kuungama. Nilikasirika kwamba wageni wale wa kwenye kioo uliwapa maneno mazuri, na mwanao ukampa yale ya kweli. Tena nikaanza kujiuliza ni mangapi mengine uliyotugeuzia. Nilikwenda hata nikafungua Injili kuhakikisha. Hukuwa umeigeuza.

Ilipita miaka minane. Jina la Tom hukulitaja, ila kila jioni ukifika kwenye sala ya wasafiri ulinyamaza kidogo kabla ya kuendelea, na sisi tulinyamaza nawe. Sinema ya Lango haikuwekwa tena. Tom alikwenda Mahoo, akapanda ndizi na nyanya, akamwoa Ndunge. Walipopata binti wakamwita Mkamburi, bila ruhusa yako na kwa heshima ya mama yako. Daisy ndiye aliyekuletea habari. Ulisema, "Ni jina zuri," ukatoka nje kuwatazama mbuzi ambao ulikuwa umetoka kuwatazama.

Sote tulijua unataka nini. Tatizo ni kwamba wewe unaweza kufungua redio ya mtu yeyote, lakini kifuani mwako hakukuwa na skrubu. Mama alikuambia mara mia, "Si umpigie tu?" Ukamjibu kwamba mtandao wa Chawia ni mbaya.

Kisha figo zikaanza kukuangusha. Daktari alituita pembeni akatuambia ukweli, na nadhani wewe ulishaujua. Siku hiyo hiyo ukamwita Daisy.

"Mwambie Tom tivi imeharibika."

"Baba, si wewe ndiye fundi?"

"Macho yangu yamechoka. Mwambie aje aiangalie."

Daisy akapiga simu hapo hapo, mbele yako, na mtandao ulikuwa mzuri sana.

"Imeharibika wapi?" Tom akauliza.

"Sijui mimi. Amesema uje."

"Mwambie naja Jumamosi."

Ilikuwa Jumatano. Siku tatu zile tuliogopa kitu kimoja tu, kwamba utatuacha kabla ya Jumamosi, na Tom atakuta lango na mzee hayupo. Ijumaa hukula. Mama alikaa na rozari yake kando ya kitanda chako, ambacho tulikuwa tumekileta sebuleni.

Jumamosi saa saba mchana Tom alisimama mlangoni, ana mkungu wa ndizi begani, ameota mvi mbili tatu. Akasema, "Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina," ukajibu. Kisha ukauliza kile ambacho akina baba wote huuliza pale maneno yanapokosekana: "Umekula?"

"Bado."

"Mama Tom, mtu huyu hajala."

Alikula. Wewe ulimtazama akila kijiko kwa kijiko, kama siku uliyomrudisha nyumbani kutoka hospitali akiwa mdogo. Alipomaliza alikwenda kwenye tivi, akaiwasha, picha ikaja safi.

"Inafanya kazi, Baba."

"Ah. Basi weka sinema."

"Ipi?"

"Unaijua."

Dawa zilikuwa zimeyala masikio yako. Ulichukua kile kisikizi ambacho miaka yote hakikuguswa na mtu, ukakipangusa kwa shati, ukampa Tom. "Leo nitafsirie wewe," ukasema.

Tom akakaa kwenye kigoda. Alitafsiri vizuri, kwa sauti ya juu ili usikie, na ukimwona ungedhani ni wewe mwaka ule. Farasi wakauzwa. Mzee akamfikisha mwanawe langoni, akafungua mdomo, na Tom akanyamaza. Mama aliacha kumenya ndizi. Mimi niliukamata mkono wa Daisy, tukasubiri.

"Anasemaje?" ukauliza.

Tom hakugeuka. "Anasema, lango hili halina kufuli. Ukichoka, rudi."

Ukasema, "Umetafsiri vibaya."

"Ndivyo nilivyofundishwa nyumbani."

Ulicheka, Baba. Ulicheka hadi ukakohoa, na ulipomaliza kukohoa ulikuwa unalia. Ulisema, "Nisamehe, Tom. Nilikosea." Tom akatoa kisikizi, akaja akapiga magoti kando ya kitanda, ukamwekea mkono kichwani na ukauacha hapo mpaka maandishi ya mwisho yakapanda yote. Hakuna aliyeitazama sinema.

Tulipata nawe majuma kumi na moja zaidi. Tom alikuja kila Jumamosi, na Jumamosi ya pili alikuja na Ndunge na Mkamburi. Padre akaja na mafuta matakatifu. Katika majuma hayo ndipo ulipotuambia habari ya kaka yako Hillary, ambaye sisi tulimjua kwa picha moja tu ukutani. Babu alimfukuza kwa sababu ya ng'ombe aliyemuuza bila ruhusa. Hillary akaenda Kishushe kutafuta vito, na hakuna habari yake iliyorudi. Nyanya hakuwahi kumwomboleza, kwa sababu hakuna aliyemwambia amekufa.

"Sinema ile niliiazima bila kujua ina nini," ulituambia. "Nilikuwa nikitafsiri tu, neno kwa neno. Nikafika langoni, nikasikia alichosema mzee, nikageuka nikamwona mama yangu ananitazama mdomoni, anangoja. Sasa ningemwambia nini?"

Daisy akakuuliza kama hilo si uongo.

"Ni uongo," ukasema. "Nilimwambia Padre kwenye kitubio. Lakini hawa watu wa sinema kosa wanajua kulionyesha vizuri sana, na msamaha hawajui. Nilikuwa nawasaidia. Ubaya wangu ni kwamba siku ya Tom nilikosa mtu wa kunisaidia mimi."

Tulikuzika Chawia, kando ya Nyanya. Mvua ilikuwa ndogo, kwaya ilikuwa kubwa.

Siku ya tatu baada ya mazishi, Tom, ambaye mikono humwasha akiona skrubu, alifungua kisogo cha tivi yako apanguse vumbi. Akatuita. Spika ilikuwemo ndani, nzima, haina hata kutu. Waya wake mmoja ulikuwa umechomolewa, ncha yake imefungwa kwa utepe mweusi, imelazwa pembeni kwa unadhifu ule wako. Tom akautoa utepe, akaugusisha waya mahali pake, na tivi ikasema. Tangu nizaliwe sikuwa nimeisikia. Ilikuwa tangazo la sabuni, na lilitutoa machozi sote watatu.

Mama akaja kutoka jikoni. "Zimeni hiyo kelele."

"Mama, spika ni nzima," Daisy akasema.

"Najua ni nzima. Kwani mlidhani nimeolewa na fundi asiyeweza kuunga waya mmoja?" Akapangusa mikono kwenye leso. "Siku aliyouchomoa, usiku ule ule wa Sinema ya Lango ya kwanza, mimi ndiye niliyemshikia tochi."

Tom aliufunga tena ule utepe mweusi, akaulaza waya pale pale ulipoulaza, akarudisha skrubu zote.

Kwaresima hii Mama alitoa kanga ya zambarau akaifunika tivi, na Pasaka mchana Mkamburi, ambaye sasa ana miaka sita, ndiye aliyeifunua. Aliringa kuliko nilivyokuwa nikiringa mimi. Tuliweka Sinema ya Lango. Tom alikaa kwenye kigoda chako, kisikizi sikioni, na mtoto alikalia kiti cha Nyanya, miguu haifiki chini. Mzee akasema neno lake langoni, Tom akalitafsiri kama inavyotafsiriwa nyumbani kwetu.

Mkamburi akakunja kipaji. Hakuna aliyemfundisha, Baba, nakuapia. "Mbona anasema vizuri na uso ameukunja hivyo?"

"Ni vumbi," Tom akasema.

Misa ya kukuombea itasomwa nyumbani Chawia Jumamosi hii, saa nne asubuhi. Wote mnakaribishwa, na kwa heshima ya mwenyewe, tafadhali fikeni kabla ya kengele ya kwanza. Baada ya chakula kutakuwa na sinema. Haitakuwa na sauti.

Unakumbukwa na mkeo Kavinya, aliyekushikia tochi, na mwanao Tom na mkewe Ndunge, na Daisy, na mimi Rita, na mjukuu wako Mkamburi, mwenye jina la mama yako, na Mzee Obadiah na jumuiya yote, na redio yake, ambayo imenuna tena na haina wa kuibembeleza. Tunamkumbuka pamoja nawe kaka yako Hillary, popote alipo. Na kama ameshafika huko uliko, basi ulichomwambia Nyanya kimekuwa kweli.

Siku zote za maisha yetu hatutakusahau, Baba. Wewe simama tu hapo langoni. Tutafika. Sinema yako imeisha tu kabla hatujafika.